Watoto wa Nchi Kavu Wakishuka Baharini



Ndugu msomaji, likizo za shule zinapokaribia, nyumba nyingi za Waislamu hapa Voi huingia katika mashauriano ya namna moja. Baba huhesabu nauli, mama huhesabu vyombo, na watoto huulizana ni nani kati yao aliyewahi kuonja maji ya chumvi. Kutoka hapa hadi Mombasa ni takriban kilomita 150, na aondokaye baada ya Alfajiri hufika kabla jua halijawa kali. Tunaulizana twende lini na kwa shilingi ngapi. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza: twende ufuo upi, na tuwe majini saa ngapi?

Nalileta swali hili kwa sababu sisi wa Taita Taveta hatuko sawa na jamaa zetu wa Mombasa, Kwale na Kilifi. Mtoto wa Mtwapa hukua akiyaona maji yakijaa na kupwa karibu na kwao. Mtoto wa Voi huyajua maji ya ndoo, ya mtungi, na ya mfereji unaotoka leo na kukauka kesho. Bomba la chemchemi za Mzima limekuwa likipeleka maji Mombasa tangu miaka ya 1950, likipita katika ardhi yetu, nasi tunabaki tukiyasikiliza. Hata maziwa tuliyojaliwa si ya kuogelea. Ziwa Jipe lina viboko na mamba. Ziwa Chala, kule Taveta mpakani na Tanzania, ni shimo la volkano lenye kingo za mteremko mkali na kina kirefu sana, nalo limewahi kuchukua roho ya muogeleaji kwa meno ya mamba. Basi mtoto wetu humaliza shule ya msingi hajapata kusimama katika maji yanayomfika kifuani. Kisha siku moja tunampandisha basi, tunamshusha mbele ya bahari, na tunamwambia: "Haya, kaoge."

Nitasimulia kisa changu mwenyewe. Ufuo wenyewe sitautaja, kwa kuwa kosa halikuwa la ufuo. Miaka ya nyuma, nilipokuwa nikisomesha madrasa ndogo, tuliwaahidi wanafunzi kwamba watakaohitimu juzuu zao kabla ya Ramadhani kwisha watapelekwa baharini baada ya Idi. Ahadi ni deni. Mwezi tatu Shawwal, au Mfunguo Mosi kama tuuitavyo sisi, basi lilijaa watoto thelathini na sita, walimu wawili wa kike, kina mama wanne, na mimi. Tulipumzika Mackinnon Road, kwenye msikiti ule wa kando ya reli ambao kila msafiri wa barabara hii anaujua, tukanywa chai, na ilipotimu saa nne na nusu tulikuwa ufuoni.

Tulikuta maji yamekimbia. Mahali nilipotarajia mawimbi palikuwa na mchanga mtupu, mwani na vidimbwi, na mbali kuelekea mwambani fungu la mchanga lilikuwa wazi liking'aa kwa jua. Nikasema moyoni, Alhamdulillahi, bahari imetulia, leo hakuna hatari. Wasichana sita wakubwa wakaomba ruhusa kwenda kuokota simbi na kombe kwenye fungu lile. Njiani palikuwa na mfuo wa maji uliowafika magotini. Nikawaruhusu.

Sisi tukakaa chini ya mivinje, tukagawa mahamri, wadogo wakacheza vidimbwini. Wakati ulipoingia tukaswali Adhuhuri. Nilipotoa salamu, mwalimu mmoja aliyekuwa amesimama nyuma akaniita kwa sauti ambayo naisikia hadi leo: "Maalim, watoto!" Fungu lilikuwa limebaki kiasi cha mkeka. Mfuo ule wa magotini ulikuwa umegeuka mto mpana, na maji yake yakienda upande mmoja kwa kasi. Wasichana walikuwa wamesimama wameshikana mikono, buibui zimelowa hadi mapajani.

Tulikuwa watu wazima saba pale, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kuogelea. Mama mmoja, ambaye binti yake alikuwa miongoni mwa wale sita, alikimbilia majini na nguo zake zote, na ilibidi wenziwe wamshike kwa nguvu. Mimi nilisimama ukingoni nikiomba dua, na sioni haya kuiandika, ila naona haya kwamba dua ndiyo peke yake niliyokuwa nayo.

Mwenyezi Mungu akamleta mzee mvuvi aliyekuwa akirudi na mtumbwi wake. Aliwapakia watatu, akawaleta, akarudi kwa watatu wengine. Alipowashusha wa mwisho hakunikaripia. Aliniuliza tu:

"Maalim, leo mwezi ngapi?"

"Mwezi tatu," nikamjibu.

"Basi ni bamvua. Wewe ndiye unayewatangazia watu mwezi umeandama, na hili hukulijua?"

Nilirudi Voi na aibu ya swali lile, nikalitafutia elimu kwa wavuvi na kwa vitabu. Hii hapa kwa ufupi, kwa faida ya kila mzazi.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Baina ya kujaa na kupwa ni saa sita na dakika chache, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Kinachoyavuta maji ni mwezi, na jua likisaidia. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta katika mstari mmoja, na maji hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua. Mombasa, katika siku hizo, tofauti baina ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa huweza kupita mita tatu. Mwezi unapokuwa nusu, nguvu hizo hupingana na maji husogea kidogo na polepole. Hayo ndiyo maji mafu.

Kalenda ya Hijria inafuata mwezi, kwa hiyo kila nyumba ya Kiislamu ina ratiba ya bahari ukutani. Mwezi mosi hadi nne, na kumi na nne hadi kumi na saba, tarajia bamvua. Mwezi nane hadi kumi, na ishirini na mbili hadi ishirini na nne, tarajia maji mafu. Katika pwani yetu ya Kenya, siku za bamvua maji huwa yamekupwa kabisa baina ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha hurudi kwa nguvu mchana, na kujaa mnamo saa kumi. Siku za maji mafu mambo hugeuka: asubuhi hiyo hiyo maji huwa yamejaa, tena yametulia.

Sasa tazama jambo ambalo nilikuwa nalo miaka yote bila kuliona. Idi ndogo huwa mwezi mosi, kwa hiyo kila mwaka huangukia bamvua. Siku zile ambazo umati mkubwa wa familia zetu hushuka baharini ndizo siku ambazo bahari husafiri mbali zaidi na kurudi kwa kasi zaidi. Idi kubwa huwa mwezi kumi Mfunguo Tatu, siku za maji mafu. Mwenye watoto wasiojua maji, na akawa na hiari, basi aichague Idi kubwa kwa bahari, na Idi ndogo aifanye ya kutembelea jamaa. Akiwa hana hiari, asimruhusu mtoto avuke mfuo wowote kwenda kwenye fungu baada ya saa nne na nusu, hata kama maji yanamfika kifundoni.

Nakuja katika suala la cheti. Jamaa zetu wanaoishi ng'ambo husema kwamba huko mtu huchagua ufuo kwa kutazama mlingoti. Wanaikusudia Bendera ya Buluu, alama iliyoanza Ufaransa mwaka 1985, ikaenea Ulaya kuanzia 1987, na mwaka 2001 ikafika Afrika Kusini, nchi ya kwanza kuipokea nje ya Ulaya. Baadaye Moroko nayo ikaipokea. Inasimamiwa na taasisi ya kimataifa ya elimu ya mazingira yenye makao yake Copenhagen. Ufuo hauipati kwa sura nzuri. Yako masharti zaidi ya thelathini, yaliyokusanywa katika milango minne: usafi wa maji, utunzaji wa mazingira, kuwaelimisha watu, na usalama pamoja na huduma. Bendera hutolewa kwa msimu mmoja tu. Masharti yakivunjwa katikati ya msimu, inashushwa.

Sijapata kuiona bendera hiyo ikipepea katika fuo ambazo familia za Voi huziendea. Lakini masharti yake hayahitaji mlingoti ili yatufae. Ukiyatazama, ni maswali ambayo mama yeyote mwenye akili angeuliza: maji haya yamepimwa, na matokeo yamebandikwa wapi? Yuko mwokoaji anayejulikana? Liko sanduku la huduma ya kwanza? Viko vyoo safi, na majitaka yake yanakwenda wapi? Iko ramani inayoonyesha pa kuogelea na pa hatari? Uliza maswali hayo kwa wenye nyumba za wageni na kwa wasimamizi wa ufuo kabla ya kulipa chochote. Anayejibu bila kukasirika ameshakuonyesha nusu ya cheti.

Hapa nawaomba wasomaji wangu, hasa wanaopenda masuala ya fiqhi, tutofautishe mambo mawili. Tumefundishwa kwamba maji ya bahari ni tahiri na yanatahirisha, na kwamba maji mengi hayanajisiki ila najisi ikibadilisha rangi yake, ladha yake au harufu yake. Hukumu hiyo ni ya ibada, na iko mahali pake. Lakini maji yanayofaa kwa udhu huweza kuwa na vijidudu vinavyomharisha mtoto wa miaka mitatu anayeyameza kwa mikupuo. Vijidudu hivyo havina rangi wala harufu. Ndiyo maana wenye Bendera ya Buluu hupeleka maji maabara: katika mililita 100, bakteria wa utumbo wa aina ya E. coli wasizidi 250. Hapa Kenya pia, Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliweka viwango vya maji ya kuogelea na kustarehe. Mama ana haki ya kuuliza kama vinafuatwa.

Usipokuwa na maabara, tumia macho na akili. Mvua kubwa ikinyesha, majitaka ya mitaro na ya vyoo hushukia baharini, basi acha siku mbili au tatu zipite kabla ya kuoga. Usiogelee karibu na mdomo wa mtaro, wa mto au wa hori, na ukiona bomba linalotiririka mchangani, hama, hata kama kivuli cha hapo ni kizuri. Likizo ya Aprili huja pamoja na masika na mwanzo wa kusi. Ya Agosti huja kusi ingali inavuma, na fuo nyingi huwa na mwani na mawimbi. Ya Desemba huangukia kaskazi, na mara nyingi ndipo maji yetu yanapokuwa angavu.

Ama utulivu wa maji, katika pwani yetu hutokana na mwamba. Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya imezungushiwa mwamba wa matumbawe unaokwenda sambamba na nchi kavu. Mawimbi ya bahari kuu huvunjikia huko nje, na ndani hubaki maji ya kina kifupi. Lakini mwamba una milango. Penye mto au hori, mara nyingi matumbawe hukatika, na maji ya ndani hutokea hapo yanapokupwa. Kwa hiyo mahali pazuri ni mbele ya mwamba usiokatika, na mahali pa kuepuka ni karibu na mlango. Ukitaka kuujua mlango, tazama mawimbi meupe kwenye upeo wa mwamba: panapokosekana weupe, patilie shaka. Au muulize mvuvi, naye atakuonyesha kwa kidole.

Nitataja fuo chache ili mtu apate pa kuanzia.

Iliyo karibu na rahisi ni Jomo Kenyatta, ambayo wengi huiita Pirates, kule Mombasa upande wa Bamburi. Ni ufuo wa umma, unafikika kwa matatu, na una wauzaji wa kila kitu. Ubaya wake ni umati, hasa sikukuu, maana katika umati mtoto hupotea kwa kufumba na kufumbua. Uendee siku ya kazi, asubuhi, mwezi ukiwa wa maji mafu, na utauona kwa sura nyingine. Mama Ngina, kule kisiwani, patazameni meli na mle mihogo, lakini watoto wasiingie majini. Ule ni mlango wa bandari, una kina na mkondo mkali.

Kwale kuna Diani. Tangu ijengwe barabara ya Dongo Kundu, mtu wa Voi anaweza kukata Miritini na kufika huko bila kungoja feri ya Likoni. Mwisho wake wa kaskazini, penye mibuyu mikubwa, upo Msikiti wa Kongo, msikiti wa kale uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, na unaswaliwa hadi leo. Kwa familia ya Kiislamu ni neema kuwa na ufuo na msikiti pamoja. Ila fahamu kwamba kando ya msikiti huo mto humwaga maji yake baharini. Pale mdomoni panapendeza kwa macho, na watoto hupavutiwa, lakini maji yakipwa mkondo wake unakwenda nje. Ogeni mbali na mto, upande wa kusini, mbele ya mwamba.

Mwenye uwezo wa kulala siku mbili tatu aende Watamu, Kilifi. Ghuba zake zimekingwa na miamba, na hifadhi ya bahari ya huko, pamoja na ile ya Malindi, ilitangazwa mwaka 1968, miongoni mwa za mwanzo katika Afrika. Na njiani, karibu na Vipingo, kuna Kuruwitu, ambako wavuvi wenyewe walikubaliana kufunga sehemu ya bahari yao isivuliwe ili samaki na matumbawe yarudi, na mwaka 2017 jitihada hiyo ikatunukiwa tuzo ya Umoja wa Mataifa. Naitaja kwa sababu inaonyesha kwamba bahari hutunzwa na watu wanaoishi kando yake, wakiamua.

Jambo moja la kisheria. Kina mama wengi huniambia kwamba wamefukuzwa na walinzi wa hoteli walipotandika mikeka yao. Katiba ya Kenya, kifungu cha 62, inaihesabu ardhi yote iliyo baina ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Bustani na viti ni vya hoteli, viheshimuni. Mchanga unaolowa ni wa wananchi wote, nanyi mmo.

Sasa nasema na kina mama na dada zangu peke yao. Katika kisa changu, wanawake sita walikuwa ufuoni na wote walikuwa na macho makali. Macho yaliona hatari, mikono haikuweza kuifikia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni, na robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto wa umri huo yuko mkononi mwa nani? Yuko kwa mama, kwa dada, kwa shangazi. Kama tumekubali kwamba wao ndio wachunga, basi tumekosa insafu kuwanyima elimu ya kuchunga.

Wengine husema kuogelea hakuendi pamoja na stara. Nawaelekeza Zanzibar. Kule Nungwi, kaskazini mwa Unguja, ulianzishwa Mradi wa Panje, ambao tangu mwaka 2011 umewafundisha wasichana na wanawake wa Kiislamu kuelea, kuogelea na kuokoa. Walivaa vazi la kuogelea linalofunika mwili mzima na nywele, na waliofuzu wakawafundisha wenzao. Hakuna aliyeacha dini yake majini. Hapa kwetu, kina mama wanaweza kukubaliana kukodi bwawa kwa saa moja asubuhi, mwalimu akiwa mwanamke. Akipatikana anayeweza kuelea chali kwa dakika tano, huyo ameshapata kinachomtosha kuanzia. Jambo la kuepuka ni kuingia baharini na buibui au dera pana. Nguo hiyo ikilowa huwa nzito, husokota miguu, na humzamisha hata anayejua. Stara na usalama vyote vinapatikana katika suruali na kanzu fupi ya kitambaa chepesi kisichobana wala kuonyesha.

Msisahau pia deni letu kwa bahari. Mto Tsavo, unaolishwa na Mzima, huungana na Athi ndani ya mbuga yetu na kuwa Galana, na Galana hushuka ikaitwa Sabaki na kumwaga maji karibu na Malindi. Msimu wa mvua, bahari ya Malindi hugeuka rangi ya udongo. Udongo ule umetoka bara, katika mashamba na miteremko iliyokatwa miti. Chupa tunayoitupa korongoni hupanda gari hilo hilo. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika fuo na mbuga za Kenya. Basi bebeni maji katika madumu, chakula katika vyombo vya nyumbani, na mrudi navyo. Tumefunzwa kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani, na tumekatazwa kuchafua mahali watu wanapopata maji na kivuli. Ufuo ni njia, ni maji na ni kivuli kwa pamoja.

Ukitoka Voi safari hiyo imepita masafa ya kusafiri, kwa hiyo unayo ruhusa ya kupunguza sala na kukusanya. Itumieni. Panga Adhuhuri na Alasiri ziswaliwe pamoja, na mswali kwa zamu: kundi moja likiswali, jingine liwe limesimama limewaelekea watoto majini. Hilo nililijua kwa kusoma sala ya khofu, na sikulikumbuka siku nilipolihitaji.

Mimi nilijifunza kuogelea nikiwa nimepita miaka arobaini, nikifundishwa na kijana niliyemzidi umri mara mbili, na alinicheka sana. Yule mama aliyekimbilia majini na nguo zake alijifunza kabla yangu. Siku hizi tunapowapeleka watoto, yeye ndiye husimama ndani ya maji hadi kiunoni, amewapa mgongo bahari, na hakuna mtoto anayeruhusiwa kupita nyuma yake. Kila robo saa hupiga filimbi, watoto hushikana wawili wawili, na huwahesabu kwa sauti.

Na ndani ya basi, kabla hatujafika Maungu, mimi huwauliza watoto swali la yule mzee: "Leo mwezi ngapi?" Wakijibu wote, safari inaendelea. Yupo asiyejibu, huelezwa na mwenziwe mpaka aelewe.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu nchi kavu na baharini, na amlipe kheri yule mvuvi popote alipo.

Wabillahi tawfiq.